Nyati wa Iringa, Pofu wa Mbeya

Baba, kamwene.

Kaburi lako tumelijengea. Vigae vyeupe, Baba Mdogo Lazaro alitaka vya bluu, tukamkatalia. Kule shambani Igowole mahindi yamependeza kuliko ulipokuwa unayasimamia mwenyewe. Nisamehe, ila ni kweli.

Sasa nikueleze ugomvi uliotuachia. Ukoo ulikubaliana kwamba tukishaweka msalaba, twende tukale mahali ambapo marehemu angependa. Mama akasema Mbeya, kwenye mgahawa wa Pembe. Baba Mdogo akasema Iringa, kwenye ule wa Farasi. Wakanuniana palepale, msibani.

Unaijua yote miwili. Pembe bado ni ileile aliyoianzisha mzungu mchimba dhahabu wa Chunya, vichwa vya wanyama ukutani, wahudumu wamevaa makofia mapana ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Mmoja kofia imemzidi, anaishika kwa mkono mmoja na sahani kwa mwingine. Farasi nayo iko kwenye lile shamba la zamani la tumbaku, na magurudumu ya mikokoteni na matandiko ya farasi kila kona na kichwa cha nyati ukutani, ingawa farasi mwenyewe hajawahi kuonekana. Kote steki, kote nyamapori. Na tangu nipate akili, wewe na Mama mlikuwa mnabishana wapi ni bora, wewe Farasi, yeye Pembe. Mlibishana hata kanisani, siku ya kipaimara changu.

Tukamwomba mchungaji aamue. Akasema hawezi kuhukumu nyama asiyoijua, Mama na Baba Mdogo waende wakaonje kwanza. Nikawa dereva wao.

Tukaanza Pembe, tukaagiza pofu, yule mnyama kama swala mkubwa. Mhudumu akauliza nyama iive kiasi gani. Mama akamwangalia kama ametukanwa.

"Iive yote, mwanangu. Kwani kuna nyama ya kuiva nusu?"

Baba Mdogo, kwa kujifanya mtu wa mjini, akasema yake isiive sana. Ikaja, akaiinua kwa uma.

"Shemeji, huyu pofu walimchinja au walimkwaruza tu?"

Mama hakucheka. Tangu tukuzike alikuwa hajacheka, Baba, na hilo ndilo lilikuwa linaniogopesha kuliko vyote. Alitafuna kipande chake, kigumu kama soli, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akasema, "Tamu." Garini akaniomba dawa ya maumivu ya taya.

Safari iliyofuata ikawa Farasi. Baba Mdogo aliingia kifua mbele kama mwenye shamba. Akaja mhudumu mzee, akaikazia macho sura ya Baba Mdogo, akauliza kama sisi ni watu wa yule dereva wa malori, mrefu, mwenye kicheko kikubwa. Tukasema ndiyo, amefariki. Akavua kofia. Kisha akauliza:

"Basi niwaletee chakula chake?"

"Mletee kila mtu!" Baba Mdogo akasema. "Nyati!"

Akaleta wali na maharage, akatueleza sababu.

Baba! Kumbe daktari alikukataza nyama kwa sababu ya jongo la miguu yako, miaka yote ile, na wewe ukanyamaza! Ndiyo maana nyumbani ulikuwa ukisukuma sahani, unasema ng'ombe si nyama, unamngoja nyati wa Iringa. Kumbe nyati mwenyewe unamwangalia ukutani huku unakula maharage!

Baba Mdogo akataka kukana. Mzee wa watu akaendelea taratibu. "Nilimwuliza kwa nini hamwambii mkewe. Akaniambia, nikimwambia nimeacha nyama, tutabishania nini?"

Mama aliweka kijiko chini. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainuka nimshike. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, akapiga meza, akasema, "Mwongo! Mwanaume mwongo huyu!" Halafu akalia, lakini hicho kilikuwa kilio kingine, kile cha mtu anayeshusha mzigo.

Siku ya msalaba ilipofika, karamu tukaifanyia hapohapo Farasi. Ukoo mzima ulikula nyati. Mchungaji aliongeza mara mbili, akasema sasa ana uwezo wa kuhukumu. Mama alikula maharage.

Jioni tukarudi Mbeya, mimi na yeye. Tulipopita Makambako akasema, akitazama nje, "Ila ukweli usemwe, nyama ya Pembe haina mpinzani."

Nilikuwa karibu kumkubalia, maana mimi ni wa Mbeya na tumbo langu linajua. Kisha nikaona amegeuza uso kidogo upande wangu. Anasubiri nibishe.

"Mama," nikasema, "ile ni soli ya kiatu. Watu wa Mbeya mpike ndizi, nyama mtuachie sisi wa Iringa."

Akakaa sawa kwenye kiti. "Wewe mtoto huna adabu," akasema, akaanza kunieleza, na hakumaliza mpaka tunaingia getini.

Lala salama, Baba. Ubishi nimeupokea mimi, na sitamwacha Mama ashinde kirahisi.

Binti yako,
Atupele