Mama Yako na Chombo cha Saa Sita

S.L.P. 118,
Voi.
21 Februari 1982.

Mpendwa mpwa wangu Mwandawiro,

Bwana asifiwe. U hali gani huko Amerika, na baridi inakutendeaje? Sisi tu wazima, ila jua la Voi mwaka huu halina haya. Hata mkonge hapa kazini umechoka.

Barua yako ilifika. Mchungaji Stephen aliisoma kwa sauti nyumbani kwenu Mbololo, majirani wamejaa, kama desturi barua ya ng'ambo ikija. Ulieleza vizuri kazi yako ya setilaiti: ozoni huko juu humeza baadhi ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho, chombo chenu hupima ile inayorudi kutoka duniani, na hivyo mnajua ozoni ni kiasi gani. Mimi nilielewa. Mama yako alishika neno moja tu, kwamba chombo hicho hupita kila siku, na kwetu hupita karibu saa sita mchana.

Tangu hapo, saa sita ikikaribia, dada yangu huvaa gauni la kanisani, hupanda lile jabali tunapoanika maharagwe, na kusimama akitazama juu. Anasema miaka yote hii hujamwona, basi umwone.

Nilicheka, sikatai. Wiki jana akaanguka huko huko juu. Dada yako Dinah ndiye aliyemwinua. Muuguzi wa zahanati alisema ni presha, na akamkataza kabisa jua la mchana. Kesho yake akapanda tena. Hapo niliogopa.

Nilikwenda Mbololo kumweleza, nikamkuta juu ya jabali. Nilimwambia chombo hakioni mtu. Kipimo kimoja huchukua eneo zima kwa pamoja, kutoka Voi hadi Wundanyi, Mwatate ikiwa ndani yake. Akanijibu, "Haidhuru. Si na mimi nimo humo?" Ile methali ya asiyesikia la mkuu ningemtupia, lakini mkuu ni yeye. Wewe unapima kinga ya jua ya dunia nzima, na mama yako anaungua juu ya jabali. Sikulaumu, nakuambia tu yalivyo.

Basi nilimwambia unakuja Krismasi. Sikukuuliza, na huenda kazi yako hairuhusu. Alishuka saa ile ile, akavua gauni, na hajapanda tena. Amekwisha kuchagua mbuzi, na leo amesimama kanisani akatangaza. Sasa mimi ni mwongo au si mwongo, hilo liko mikononi mwako.

Dinah anakusalimu sana, na Mchungaji Stephen pia. Mama yako amekataa nikuandikie salamu zake. Anasema atakupa mwenyewe.

Mungu akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Obadiah