Adhana ya Dar na Jua la Biharamulo

Bibi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisema mwenyewe, kwa sauti ndogo, ili barua iweze kuanza.

Hii ni Ramadhani ya kwanza tangu tukuzike. Nyumba ni ile ile. Baba bado ananunua maharage kwa watu wa Nyamigogo na kuyauza dukani, na magunia bado yanajaa varandani mpaka mtu apite ubavu. Baba mdogo ameoa. Mkewe anaitwa Rehema, ametoka Tanga, anapika vizuri na anacheka kwa sauti. Kitanda chako amepewa mdogo wangu Shabani. Nilidhani ningeudhika, lakini sikuudhika. Kitanda ni kitanda.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka na nimefaulu. Naweza kwenda kidato cha tano kusoma fizikia, jiografia na hisabati, ila shule zenye masomo hayo ziko mbali na itabidi nikae bweni. Hapo ndipo penye tatizo, na tatizo ni wewe, Bibi.

Unajua tulivyobishana. Nilikuwa darasa la tano niliporudi nyumbani nikasema dunia ni duara kama chungwa. Ulikuwa unachambua mchele. Ukasema ardhi imetandikwa kama busati, na kila mwenye macho anaona. "Nimekwenda Ngara kwa basi, nimekwenda Kahama. Milima nimeiona. Mviringo sijauona." Kuanzia siku hiyo, kila nilipotoka shule ulinipokea kwa maneno hayo hayo: "Karibu, mke mwenza. Hiyo dunia yako haijakumwaga njiani?"

Hoja yangu kubwa ilikuwa redio. Wewe ndiye uliyekuwa unaruhusu futari katika nyumba yetu. Adhana ya magharibi ikitoka redioni, kutoka Dar es Salaam, ulisema, "Hiyo ni ya watu wa pwani. Jua lao limezama, letu bado." Hakuna aliyegusa tende mpaka utoke uani ukatazame mwenyewe. Tulingoja kama nusu saa hivi. Basi nikakuuliza: kama dunia ni busati, kwa nini jua lisizame kwa watu wote pamoja?

Hukuchelewa hata kidogo. "Mwenye taa akitoka ukumbini kwenda jikoni, ukumbi ndio unaanza kuwa giza. Nyumba imekuwa duara?"

Nilikaa na hiyo taa yako miaka, mpaka nikampelekea mwalimu wetu wa jiografia sekondari. Alicheka hadi akakaa, akasema angependa kukuona kwenye mdahalo. Kisha akanieleza: taa inayoondoka huonekana ikizidi kuwa ndogo kadiri inavyokwenda mbali, lakini jua linapozama halipungui. Linabaki lile lile mpaka ardhi yenyewe inalifunika, kuanzia chini.

Jioni ile nilikuomba utoke uani. Tulilitazama likiingia nyuma ya kilima, zima, kisha nusu, kisha kama ukucha. Ukasema, "Nitalifikiria." Hukuwahi kuniambia hivyo kabla. Wiki haikwisha, ukalazwa. Hukurudi.

Lakini kabla ya jioni ile ulikuwa umeshamwambia baba kuhusu mimi: "Mtoto huyu akipelekwa mbali pamoja na hiyo dunia yake, atarudi hasali." Na baba anasema neno la mama yake hatalivuka. Ulipokuwa hai niliamini kwamba siku moja ningekushinda, au ungechoka, au ungenihurumia. Sasa sina wa kubishana naye. Neno limebaki peke yake na limekuwa gumu zaidi.

Mama alinishauri nimwambie baba kwamba ulikubali. "Si alisema atalifikiria? Hiyo ni nusu ya kukubali. Nani atabisha?" Nililiwaza jambo hilo siku kadhaa, sikufichi. Lakini kufikiria si kukubali. Nisingeweza kwenda shule kwa kukulisha maneno, wewe ambaye hukuwahi kukosa ya kwako.

Juzi umeme ulikatika, kipaza sauti cha msikiti kikawa kimya. Tulikuwa tumekaa mkekani na redio ya betri. Watoto wa jirani yetu Mama Adera, ambao ni Wakristo, walishafika kungoja uji kama kawaida yao. Adhana ikatoka redioni. Mama mdogo Rehema akasema bismillahi, akashika tende. Baba mdogo akashika. Baba naye akanyoosha mkono akachukua yake, kwa sababu miaka yote alikungoja wewe useme, hakuwahi kujifunza kutazama.

Nikasema, "Bado."

"Adhana ni adhana, binti," mama mdogo akasema. "Au kuna ya Dar na ya Biharamulo?"

"Zipo, mama mdogo. Kwenu Tanga jua limeshazama. Hapa liko juu ya kilima, ukitoka utaliona."

"Haya," akasema baba mdogo, "mama yetu amerudi."

Baba aliinuka, akatoka uani. Aliporudi alirudisha tende yake kwenye sahani. Tukangoja. Uji ukapoa. Mama mdogo akaguna, "Kumbe huku mnafunga zaidi ya sisi! Haya mambo mtu aambiwe kabla ya ndoa."

Nikamweleza kwamba hatufungi zaidi. Dunia ni duara na inazunguka. Tanga inatangulia kulifikia jua na inatangulia kuliacha, kwa hiyo hata alfajiri inatufikia baadaye. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo daku nachelewa kuamka?"

"Ndiyo."

"Basi na iwe duara."

Wewe ulinishinda miaka sita, Bibi, yeye kakubali kwa ajili ya usingizi. Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba, nikatazama sahani ili asijue kwamba nimeona.

Baada ya sala aliniita varandani. "Mama alihofia utarudi husali," alisema. "Hakuhofia utatunyima kula." Akaanza kupanga magunia ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Kisha akauliza, "Huko kwenye shule za bweni, wana mahali pa kusali?"

Nikamjibu kwamba sijui, lakini naweza kuuliza.

"Uliza," alisema. "Uniambie."

Hajasema ndiyo. Lakini hata hapana hajasema, na kesho asubuhi nakwenda shuleni kumuuliza mwalimu.

Sasa nakuaga, Bibi, kwa sababu wananiita jikoni. Mwenyezi Mungu akuangazie hapo ulipo. Nakuahidi kwamba nikienda nitasali, hata siku ambazo hakuna wa kunikumbusha. Na mtu akiniuliza kama bibi yangu mwishowe alikubali kwamba dunia ni duara, nitasema hapana. Nitasema tulikuwa bado tunabishana.

Mjukuu wako,
Mwajuma