Jina Nililoitikia Hallonbergen

Mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yule jogoo wako mkorofi, bado hajaingia sufuriani? Mimi mzima, baridi tu ya huku ughaibuni inanitafuna masikio. Nasafisha nyumba za watu, nabeba makochi ya wanaohama, Jumamosi nauza sambusa. Wakongo wanazisifia, Wakenya wanaomba punguzo.

Sasa nisikilize. Kuna mzee Mjapani hapa mtaani kwetu Hallonbergen, namsafishia. Ukoo wao ni wachoraji wa picha za Buddha, za kwenye mahekalu, tangu zama za kale huko kwao. Baba anamwachia mwana kazi na jina la karakana. Wakikosa mwana wanachukua mtu baki, wanampa jina, basi, keshakuwa wa kwao, yeye na mizimu yao yote. Huyu ana binti mmoja tu, anafanya kazi ya kompyuta mtaa wa Kista, hataki hata kuisikia brashi.

Picha yake ya mwisho imebaki kuchorwa macho tu. Macho huchorwa mwisho, na mtu wa nyumba hiyo tu, na mzee mikono inatetemeka. Akaniambia, "Chukua jina wewe."

Nikacheka. "Mzee, mimi nikichora nyanya inatoka kiatu!"

Naye akacheka. Wiki hiyo hiyo akalazwa.

Juzi mchana nadeki kwake, peke yangu. Nikasikia sauti yake chumbani, inaita lile jina la karakana. Si ulinifunza mkubwa akiita uitike upesi? Nikaitika, "Naam!" Ndipo nikakumbuka, sauti ya usiyemwona haiitikiwi.

Chumbani hamna mtu. Picha tu, ya hariri, uso bila macho. Nikaona bora niigeuze itazame ukuta. Kumbe wao hupaka rangi hata nyuma ya kitambaa, uso ung'ae kwa ndani. Huko nyuma macho yapo, mama. Rangi mbichi. Yananiangalia.

Nikakimbilia hospitali. Mzee kakaa kitandani, anatabasamu. Hata sijamsalimia, akaniambia, "Asante kwa kuitika." Binti yake akainama, akaniita kaka.

Jina lenyewe silitaji humu. Ila tangu siku hiyo mkono wangu unashika ufagio kwa ncha za vidole, kama brashi, na nikiitwa Hamisi nachelewa kugeuka.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa maandazi, mwambie sambusa zangu zimempita.

Ijumaa nitakupigia. Usianze na halo, wala usiulize nimekula nini. Niite kwanza jina alilonipa baba, kwa sauti kubwa. Nisipoitika usikate simu, mama. Endelea kuita.

Ni mimi mwanao,
Hamisi bin Selemani