Buluu Aliyoiota Mama

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tena. Nimefungua kibanda changu cha mashuka, soko la Toi, nikiwa nimechelewa. Mashuka ya juu yameloa, ya chini yako sawa. Yule mama wa juzi amerudisha shuka, eti lina doa. Doa lilikuwepo alipolinunua. Nimembadilishia, sikuwa na nguvu ya kubishana.

Jioni nimepitia Kawangware kumwona Mama. Anaishi kwa kaka yangu Ouma tangu tumzike Baba. Nimemkuta ameketi kitandani anatabasamu peke yake. Ameota. Ameoteshwa kanzu ya buluu.

Hili si jambo dogo. Kanisani kwao hakuna anayejichagulia rangi. Unavaa nyeupe mpaka uoteshwe, na Mama amevaa nyeupe miaka yote niliyomjua. Tena kanzu ya ndoto hainunuliwi ikiwa na rangi tayari. Inashonwa nyeupe, halafu mtoto wako wa kumzaa anaitia rangi nyumbani kwake. Mke wa mwana hafai. Na Ouma huyu huunguza hata maji. Kwa hiyo ni mimi.

Ataivaa Pentekoste. Siku hiyo ataitwa mbele.

Nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha. Ouma anataka kumrudisha kijijini. Anasema amezeeka, anamwaga chai, anajigonga kwenye meza, ametia chumvi kwenye uji. Mimi sitaki aende. Kule atakaa peke yake na kuku. Lakini mama mwenye kanzu mpya na nafasi kanisani, nani atamwondoa Nairobi? Hiyo ndiyo hesabu yangu. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 7 Mei

Sikujua buluu ni nyingi hivi.

Duka la rangi liko nyuma ya soko la Kawangware. Vipakiti vimepangwa ukutani na kila kimoja ni buluu. Nyepesi, nzito, ya navy, ya royal, na moja ambayo ukiuliza mimi ni kijani. Muuzaji ni mwanamume mnene anayejibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Madam, chukua hii. Hii inashika kila kitu. Hata jeans. Hata kiatu."

Nikamuuliza maji yawe moto au baridi. Moto. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akasema baridi, moto unaua rangi. Nikauliza chumvi au siki. Muuzaji akasema chumvi. Mteja akasema siki. Muuzaji akasema basi weka zote, kwani utapungukiwa na nini? Nimetoka na royal, na kichwa kimejaa.

Nimempigia Mama aniambie tena ilikuwa buluu ya namna gani. Juzi alisema ya ziwa asubuhi. Leo anasema kama sweta yangu ya shule ya msingi. Ile sweta niliirithi kwa binamu zangu wawili. Ilipofika kwangu haikuwa na rangi yoyote.

Jumamosi, 10 Mei

Fundi amemaliza kanzu. Nilimpa shuka jeupe zuri kutoka kwenye bale langu mwenyewe la mitumba, nikaona nimefanya akili.

Nimechemsha maji kwenye sufuria kubwa ya ugali, maana sina nyingine. Chumvi, siki, rangi. Nimekoroga na mwiko hadi mkono ukauma. Mtaa wetu wote wa Soweto West, hapa Kibera, umenusa siki. Mama Shiku wa mlango wa pili amekuja kuuliza kama ninatengeneza achari.

Maji yamekuwa buluu hadi yanatisha. Mwiko umekuwa buluu. Mimi nimekuwa buluu. Kanzu imetoka nyeupe. Si nyeupe kabisa, ni kama fulana iliyofuliwa na soksi. Ni mshono wa pindo tu ulioshika vizuri, kwa sababu fundi alitumia uzi wa pamba.

Nimekaa chini. Nimeiangalia. Sielewi.

Jumapili, 11 Mei

Mama Shiku ndiye aliyeniambia nichome uzi. Nimechomoa nyuzi mbili za lile shuka, nikazisogeza kwenye kiberiti. Hazikuwaka. Zimejikunja zikawa kidonge kigumu cheusi, na harufu ya plastiki. Nailoni, poliesta, sijui, moja kati ya hizo ndugu. Rangi ya kipakiti haiziingii.

Ninauza mashuka mwaka nenda mwaka rudi. Nawaambia watu "hii ni cotton, customer, shika uone." Na mimi mwenyewe nimeshika na sikuona. Kesho nitachoma uzi wa kila shuka ninalouza. Au nisichome, nibaki na amani yangu.

Ugali wa leo una rangi. Nimeula hivyo hivyo.

Alhamisi, 15 Mei

Shuka jipya, la pamba, limechomwa uzi, limetoa majivu na harufu ya karatasi. Fundi ameshona upya huku ananung'unika. Nimetia rangi leo. Maji moto, chumvi, bila siki.

Imeshika. Mungu wangu, imeshika. Nimeianika kwenye kamba kati ya nyumba na watu wamesimama. Hata wale vijana wa carwash, ambao hawasifu kitu, wamesema "Hiyo blue imeweza." Nimeingia ndani nikalia kidogo. Sijui kwa nini mtu analilia kanzu.

Jumamosi, 17 Mei

Mama ameikataa.

Nimemwekea magotini. Ameishika, ameipeleka karibu na uso, ameipeleka mbali. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kukuumiza.

"Akinyi nyathina, mwanangu, mbona umeniletea kahawia?"

Nikasema ni buluu. Akasema labda taa. Nikamshika mkono tukatoka nje kwenye jua. Akaiangalia tena. Akasema sasa ni kama kijani cha matope, si mbaya, lakini si hiyo.

Kahawia! Nimempitishia jirani yake kanzu, nikamuuliza hii ni rangi gani. Jirani amesema buluu. Mama amesema ile ya ndoto ilikuwa inang'aa, na hii imekufa.

Nimerudi nayo Kibera. Nimeudhika. Nimeitazama ndani, nimeitazama mlangoni, nimeitazama chini ya balbu. Mara ni buluu, mara sijui. Mtu akikuambia neno kwa uhakika, macho yako yenyewe yanakusaliti. Usiku wa kuamkia leo sikuwa na shaka na buluu. Sasa sina uhakika hata na kijani.

Jumatano, 21 Mei

Nimerudi kwa muuzaji. Anasema tatizo ni maji ya Kibera. Amenipa kipakiti kile kinachofanana na kijani, eti kitaiamsha. Nimeitia rangi tena. Imekuwa nzito zaidi, lakini bado nzuri.

Nimeipeleka Kawangware leo jioni. Mama amesema ni kijivu.

Nimemjibu vibaya. Nimemwambia basi aote tena, safari hii aote na jina la kipakiti. Hakucheka. Amekunja kanzu kidogo kidogo akitafuta ncha zake kwa vidole. Ouma alikuwa mlangoni anavua viatu. Tulipotoka akaniambia, "Sister, unaona? Ndio hiyo nakwambia. Huyu mzee akili imechoka. Baada ya Pentekoste namrudisha ushago." Nilitaka kumjibu. Lakini labda anasema kweli. Hilo limeniuma zaidi ya rangi.

Ijumaa, 23 Mei

Sikwenda sokoni. Nimekata vipande vya shuka lile la pamba, nimevitia rangi tofauti. Kimoja buluu ya royal. Kimoja zambarau. Kimoja cheusi kabisa. Nilidhani nikimpa achague, atanionyesha iliyo karibu na ndoto.

Nimefika mchana, Ouma akiwa kazini. Mlango ulikuwa wazi. Nilisimama pale nikitafuta vipande kwenye mfuko, sikusema kitu. Mama alikuwa ananitazama usoni kabisa. Akasema, "Ni wewe wa kuleta maji? Weka hapo kwa ndoo."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nimevaa sweta nyekundu aliyoninunulia yeye.

Nimeingia. Nimesema ni mimi, Akinyi. Amecheka haraka mno. Nimempa vipande. Amevipapasa, amevinusa, amesema vyote ni sawa, vyote vimekuwa vyeusi vizuri, kwani kuna matanga?

Nimemshika kidevu nikamgeuza kuelekea mlangoni. Katikati ya mboni za macho kuna utando. Yote mawili. Umekuwepo siku zote ninazomtembelea jioni, kwenye chumba kisicho na dirisha, na mimi nikiangalia kanzu.

Hakukataa. Amesema ilianza kabla Baba hajafa. Kwanza ukungu, kisha rangi zikaanza kuondoka, buluu ikiwa ya kwanza. Amejifunza nyumba ya Ouma kwa miguu na mikono. Chumvi na sukari huzijua kwa kuonja, siku ile alikuwa na haraka. Nikamuuliza, sasa ile buluu uliionaje? Akasema, "Ndotoni naona vizuri tu."

Kisha akanishika mkono kwa nguvu. Nisimwambie Ouma. Akijua, atampeleka kijijini kesho, na kule nani atamwambia kama moto umezima?

Nimeahidi. Nimetoka nikakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Nimekuwa nikishindana na ndoto ya mtu asiyeona. Hakuna kipakiti cha buluu hiyo.

Jumamosi, 24 Mei

Sijui nifanye nini. Nikimwambia Ouma, nimevunja ahadi na Mama anaondoka. Nisipomwambia, siku moja Mama atajimwagia maji ya moto. Nimeuza shuka moja kwa watu wawili leo. Wamegombana mbele yangu nikiwatazama tu.

Jumanne, 27 Mei

Nimempeleka kliniki ya macho. Ouma nimemwambia tunaenda kwa fundi kupima kanzu.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari amesema kama mtu anayezungumzia tairi ya baiskeli. Utando unatolewa, unawekewa kioo kidogo, bandeji inatoka kesho yake. Wanaanza na jicho moja. Nikamuuliza kuhusu rangi. Akasema ndiyo, huwa inageuka, watu huona kila kitu kama kupitia chai. Kupitia chai! Na mimi nimebadilisha chumvi, nimebadilisha shuka, nimebadilisha maji.

Mama amepangiwa upasuaji Jumanne ijayo.

Jioni nimemwambia Ouma kila kitu, Mama akiwa ameketi hapo. Yeye ndiye aliyenipa ruhusa, kwa kuwa sasa macho yanatibika. Ouma akasema polepole, "Kwa hivyo si akili." Akatoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi.

Hakutaja kijijini tena. Nimelala nikiwa mshindi. Mama akiona, anakaa.

Jumatano, 4 Juni

Bandeji imetoka.

Alifumbua jicho akalifumba. Akalifumbua tena. Alitazama ukuta, akasema ni mchafu. Alitazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akanitazama mimi, na sikujua niweke uso wangu wapi.

"Umefanana na mama yangu," akasema. "Hakuna mtu ameniambia."

Nilikuwa nimebeba kanzu kwenye mfuko wa plastiki. Sikuweza kungoja, tumeitoa palepale kwenye benchi. Ameitandaza mapajani. Amepitisha kidole kwenye kitambaa.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri sana. Lakini si hiyo."

Nilitaka kulia, nikacheka. Naye akacheka, manesi wakatugeukia. Nikamuuliza basi nirudi kwa muuzaji? Akasema hapana, ataivaa. Aliyemwotesha anajua vipakiti vilivyoko Kawangware.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa limejaa hadi nje. Kanzu za kila rangi, na Mama katikati, ananyoosha shingo kama kuku anayetafuta punje, anatazama kila mtu. Kila mara anamnong'oneza jirani. Baadaye jirani akaniambia alikuwa anauliza majina ya watu aliowajua kwa sauti tu.

Wamemwita mbele. Ametoa ushuhuda wa macho. Watu wamepiga makofi, mimi na Ouma tumesimama. Kisha akasema anashukuru watoto wake waliomhifadhi mjini alipokuwa hawezi kujitunza, na sasa kwa kuwa anaona, Alhamisi anarudi nyumbani kwake.

Ouma amenigeukia. Mimi nimemgeukia Ouma. Hakuna kati yetu aliyekuwa anajua.

Nimemfuata nje. Nimemwuliza kwa nini. Amesema alikaa Nairobi kwa sababu ya woga, si kwa sababu ya kupenda. Kule kuna nyumba yake. Anataka kuiona. Alisema atarudi kufanyiwa jicho la pili, kisha akanirekebisha kola kama mtoto.

Nimekasirika. Nimekasirika na nani, sijui. Nilimtafutia macho ili abaki.

Ijumaa, 13 Juni

Kibanda kimefunguliwa mapema. Jua limetoka. Mashuka yamekauka vizuri.

Mama amepiga simu mchana. Amefika salama. Amefagia, amehesabu kuku, amegombana na mke wa shemeji kuhusu mpaka. Anasema kutoka mlangoni pake anaona mpaka bomba la maji, na kuna mtu anateka maji, na huyo mtu amevaa gauni.

Nikamuuliza gauni la rangi gani.

"Njano," akasema, bila kufikiri.

Nikamwambia sawa, Mama. Amekata simu kwanza yeye, uji ulikuwa unafurika. Mteja alikuwa amesimama ananingoja na shuka mkononi, nikamwambia sijui kama ni pamba, tuchome uzi tuone.