Dosa ya Yahye na Masomo Yako

Bulla Iftin,
Garissa.
20 Novemba 2024

Mpendwa Hinda,

Assalamu alaikum, abaayo, dada yangu. Je, ile homa imekuacha kabisa? Na mitihani ya famasia mmeikaribia? Sisi hatujambo. Mvua imefika hadi Sangailu, na mbuzi wa ami yetu, Adeer Kulow, wana maziwa tena.

Kwa muda mrefu nimejiuliza: mtu akichukua chakula cha watu wengine, akakipika apendavyo huku akikiachia jina lake la asili, je, amekiheshimu au amekitukana? Ijumaa iliyopita, kaka yako Yahye alipofungua hoteli yake, nilidhani nimepata jibu.

Amechora ramani ya India ukutani, na chini yake ameandika: "Vyakula Asilia vya Mikoa Yote". Mikoa yote, Hinda! Mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilimfikisha Takaba, humu humu Kenya. Mji wako wa Hyderabad, ulio mbali na bahari, ameuweka ufukweni.

Uliwahi kuniandikia kwamba huko sufuria ya biriani huzibwa kwa unga uliokandwa, isifunguliwe mpaka nyama na wali viive kwa mvuke wao. Yahye aliiziba vizuri, kisha akaibandua mara nne ili wageni wanuse. Wali ukawa changarawe juu na uji chini. Nyama ilikuwa ya ngamia, na kila sahani ikawekewa ndizi. Ndizi siilaumu, sisi wali bila ndizi hatuujui.

Ikafuata "dosa ya kusini", ambayo kwa Wahindi ni mkate wa mchele, mwembamba na mkavu. Ilikuwa anjera yetu ya asubuhi, ile ile, iliyomiminwa kwa mzunguko na kufunikwa, laini, yenye vitundu, ila imerundikiwa viazi vya manjano.

"Yahye, ni dosa gani hii yenye vitundu?"

"Abaayo, hiyo ya India iko na matundu mingi kushinda hii."

Mzee Jaldesa, mchuuzi wa ng'ombe, aliimwagia chai ya maziwa akaila yote. "Kumbe Wahindi ni watu wazuri," akasema. "Wanakula kama sisi."

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa hata kutabasamu, hasa Yahye aliposimama na kutangaza kwamba utakuja likizo ya Disemba na hutarudi tena huko, kwa sababu hoteli inahitaji mpishi aliyejifunzia India kwenyewe. Miaka mitatu ya famasia, iishie kwenye kugeuza viazi!

Nikamwambia mbele ya wazee, "Hinda alikwenda kusomea dawa, hakwenda kusomea bizari."

"Wewe Sagal umesoma mpaka umesahau njaa," akanijibu.

Mama yako aliinuka akaenda jikoni. Alikuwa amemaliza sahani mbili za biriani ile duni. Nilimfuata jikoni nikitumaini ataniunga mkono. Alikuwa akikwangua ukoko.

"Najua ni mbaya," akaniambia. "Nakula kwa sababu Hinda anakula hii huko."

Tangu hapo dharau yangu imeingia ufa. Biriani ya Hyderabad mimi mwenyewe sijaionja. Yote niyajuayo nimeyapata katika barua zako. Na sambusa tunayoiita yetu kila Ramadhani, huenda naye aliyeileta alichekwa hivyo hivyo. Bado naiona hoteli ile kuwa upuuzi, lakini sina tena hakika kwamba ninachokidharau ni chakula.

Jambo moja silitilii shaka: ukija, uje na tikiti ya kurudi mkononi, na usimwachie Yahye pasipoti yako hata kwa saa moja. Umalize masomo.

Weris na Keynan wanakusalimu, na Adeer Kulow anakuombea katika kila sala. Mola akulinde ugenini na akufungulie kila ukurasa mgumu.

Lililobaki ni mama yako. Ameniuliza kama miaka miwili iliyosalia ni mingi. Sijamjibu, kwa kuwa sina mtoto, na hakuna aliyewahi kuondoka nyumbani kwangu.

Ni mimi dada yako wa ukoo, nikupendaye hata ninapokugombeza,
Sagal