Maharage ya Kopo la Pili

Mdogo wangu Fidelis,

Kamwene sana. Hapo nyumbani mmeamkaje? Mguu wa mama umepona, au bado anaficha maumivu ili asipelekwe hospitali ya Tosamaganga? Mimi ni mzima wa mwili, ila huku Usangu nimekwama wakati harusi ya mtoto wetu Agata imekaribia, na aliyenikwamisha ni mimi mwenyewe.

Unaikumbuka dawa ya magugu tunayopiga kwenye mahindi? Nilipokodi shamba hapa niliipiga kwa kipimo kilekile cha nyumbani. Nimefundisha kilimo hadi nikastaafu, nikasahau kutazama ninapokanyaga. Udongo wetu ni mfinyanzi wenye mboji. Huishika dawa, ikabaki juu mpaka inapoisha nguvu. Huku ni kichanga. Hakina cha kuishikia, basi maji ya mfereji huishusha. Na mwisho wa shamba langu, kwenye mteremko, kuna kisima cha jirani yangu Mama Kulwa, Msukuma mwenye watoto sita.

Nilikwenda kumweleza mwenyewe. Akakifunika kwa mbao kwa neno langu tu. Sasa tunachota mbali, mimi kwa baiskeli, yeye kichwani.

Maharage hayaivumilii dawa hiyo, kwa hiyo, ili nijue kama bado ipo, niliyapanda kwenye makopo mawili: moja la udongo wa juu, jingine la udongo niliouchimba kina cha kiuno. Juzi la kwanza lilikuwa kijani kabisa. Mama Kulwa akapiga kigelegele.

"Mwalimu, si hayo yamestawi! Nenda ukamwoze mtoto. Ukipanda basi tu nafunua kisima, shingo imechoka."

Fidelis, nilitamani kunyamaza. Kopo la pili lilikuwa nyuma ya mlango wangu, na majani yake yanageuka manjano kuanzia pembeni. Dawa haijaisha, imehama tu, inafuata maji. Kama itamdhuru mtu sijui. Ndiyo maana siwezi kumwambia anywe.

Nikalitoa. Akagusa jani moja la manjano.

"Kwa hiyo huendi."

"Siendi."

"Basi lete baiskeli nikachote mimi, uzee wako upumzike leo."

Agata atakabidhiwa bila baba yake mkubwa. Simama mahali pangu, na usimeze maneno kama kawaida yako. Usimwambie naumwa. Mweleze habari ya kopo. Ana akili, ataelewa.

Msalimie mama, na shangazi yetu mlima nyanya wa Ilula: asiazime kipimo cha dawa cha shamba la mtu.

Nimepanda kopo la tatu, la udongo wa chini tena. Nalitazama kila asubuhi.

Kaka yako,
Leonsi