Mizani Tatu kwa Sarafu Moja

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefagia, nimechota maji, nimerudi kwenye kopo la baba. Ndani mna sarafu saba za shaba, za zamani sana, kila moja ina tundu katikati na nyota nyuma. Baba alikuwa akinunua dhahabu kwenye machimbo ya Salamabila. Hizi zilikuwa mawe yake ya mizani: mchimbaji akimwaga dhahabu upande mmoja, baba aliweka sarafu upande wa pili.
Mwalimu wa historia anataka kuziweka kwenye kabati la kioo la shule, pamoja na kikaratasi chenye jina la baba. Kwanza nizipime: upana, unene, uzito. Nimemaliza shule, sina kazi. Nimekubali. Njiani nililia kidogo. Jina la baba, kwenye kioo.

Jumanne, 5 Agosti
Rula ya shule haifai. Mistari imefutika. Fundi baiskeli ana chuma cha kupimia chenye taya mbili. Nilisimama mbele ya kibanda chake muda mrefu.
"Mademoiselle, mudomo uliacha nyumbani?"
Aliniazima. Sarafu tatu kubwa zina upana sawa. Moja kati ya hizo imelika nyuma: laini, nyeusi, nyota haionekani. Ajabu, ndiyo nene kuliko zote.

Alhamisi, 7 Agosti
Uzito. Mizani ya mchele ya sokoni: mshale haukutikisika. Vijiti vya kiberiti, kama wanavyopimia wachimbaji: kimoja kizito, kingine chepesi. Imebaki mizani ya baba, ya mkono, visahani viwili vya kuning'inia. Lakini nipimie nini, na mawe ni sarafu zenyewe? Nimezipima moja kwa nyingine. Kubwa mbili zimelingana. Ile iliyolika imeshuka.
Kitu kilicholika kinapungua. Ilipaswa kupanda.
Nimebadilisha visahani. Imeshuka tena.
Mizani imeharibika. Iko ukutani tangu baba alipofariki, miaka miwili.

Ijumaa, 8 Agosti
Mizani ya betri ya mama wa farmasi. Gramu 9,8. Gramu 9,7. Iliyolika: 11,6. Nimemwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.
"Mutoto, mashini haina ndugu hapa."
Labda betri imechoka.

Jumamosi, 9 Agosti
Naona haya kuandika hili. Natafuta mizani itakayosema ninachotaka.
Nimekwenda kwa Papa Saleh. Zamani alichimba Salamabila, sasa ananunua dhahabu hapa Kasongo. Alicheka kabla hata ya kupima.
"Eh! Mwenye Mimba! Iko hai bado?"
Ndivyo wachimbaji walivyoiita. Aliikwaruza nyuma kwa ukucha. Chini ya masizi, kitu cheupe kinang'aa. Risasi. Iliyeyushwa, ikamwagwa juu ya nyota, ikapakwa masizi ionekane kuukuu. Akaipima kwenye mizani yake. 11,6.
Kila aliyeuza dhahabu mbele ya sarafu hiyo alitoa zaidi ya alicholipwa.
"Mulijua?" nikauliza.
"Wote. Na sisi tulichanganya vumbi ya shaba mu dhahabu. Baba yako alijua. Tulicheka pamoja." Akanirudishia sarafu. "Wapya tu ndio hawakujua."
Wapya. Nimerudi kwa miguu. Sikuwasalimu watu.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Namchukia. Namkumbuka pia, mikono yake ikinukia sabuni ya kipande.
Risasi ni laini. Dakika tano za kukwangua, ingebaki sarafu kama nyingine. Nilishika kisu. Mama alitokea mlangoni, akatazama sarafu, akatazama kisu.
"Unakwangua nini, mwanangu? Wale waliopimiwa utawakwangua wapi?"
Hakuuliza sarafu ile ina nini.
Naye alijua.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimempelekea mwalimu sarafu saba na daftari la vipimo. Mstari wa tatu nimeandika: 11,6. Nyuma ina risasi. Ilitumika kununulia dhahabu.
Alisoma, akavua miwani.
"Ulipima mara ngapi?"
"Mizani tatu, mwalimu."
Akauliza kama jina la baba libaki kwenye kikaratasi. Nikasema libaki. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini hakuniambia nirudie.
Jioni nimerudisha mizani ya baba kwenye msumari wake. Visahani vitupu vilicheza kidogo, vikatulia. Viko sawa. Mizani haikuharibika.